Ng'ombe Niliyemchinja Mwenyewe

Mwanangu, weka simu chini unisikilize, maana mmenichosha. Harusi yako ni wiki ijayo, na nyie mnabishana kwenye kundi la WhatsApp nani achinje ng'ombe. Eti Mungu anaangalia moyo, kisu hakina dini. Maneno hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa, na yaliniponza.

Nakumbuka siku tuliyomzika baba kule Misungwi. Nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo ya ukatekista, kichwa kimejaa. Kila shughuli pale kijijini, ng'ombe alichinjwa na jirani yetu Mzee Idi, Mwislamu, ili tule wote. Siku hiyo alikuwa makaburini tangu alfajiri, anamchimbia baba kaburi. Bibi yangu akaniambia nimsubiri. Sikumsubiri. Nikachinja mwenyewe, huku nawahubiria waombolezaji kwamba dini ni imani, si chakula. Asiyesikia la mkuu, unajua mwenyewe humpata nini.

Mzee Idi alirudi na udongo miguuni, akauliza nani kachinja. Alipoambiwa, akanawa, akaomba maji ya kunywa, akaenda kwake na njaa.

Bibi hakuwa wa kanisa wala msikiti. Yeye aliwatambikia wazee wake, na hakuna msiba wa jirani uliompita. Akaniita pembeni.

"Wewe unatuambia unaamini nini," akasema. "Yule katuonyesha. Haya, kati yenu nani kamzika baba yako?"

Nilikwenda kumwomba radhi Mzee Idi, akasema yameisha. Hayakuisha. Mama alipofariki alikuja tena kuchimba kaburi. Nilikuwa nimemwita mchinjaji Mwislamu kutoka mjini, nikamwapia kabisa Mzee Idi kwamba nyama ni halali. Akatikisa kichwa kwa upole, akafungua mfuko wake, akala matobolwa, viazi vikavu alivyotoka navyo nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka anakufa hakula tena kwetu, na mpaka leo inaniuma.

Sasa shika hili. Kwako dini inaanzia kwenye unachokiri. Kwa mwenzako Mwislamu inaanzia kwenye anachofanya na anachokiacha, na imani yake imekaa humo humo. Usimpime kwa kibaba chako. Na hiyo imani yako, kama haimpi jirani nafasi ya kula, inamfaa nani? Kesho nenda kwa jirani yako Mwislamu hapo Nyakato, mwombe akuchinjie. Nenda kwa miguu yako, usitume meseji.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe nyumba ambamo jirani atakula bila kuuliza.