Keki ya Mama Mkwe

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na duka la Halfani likaanza kujaa unga wa ngano, Otilia wa Kizwite alijifunza kuoka keki kwa sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Akaoka za ubatizo, za kipaimara, hata ya kupongeza pikipiki mpya ya mtu. Mambo yalimkaba siku ya harusi ya binti yake, Debora.

Keki ilipendeza. Alichosahau ni kwamba mama mkwe hulishwa keki na bwana harusi, mbele ya watu. Na alivyolelewa yeye, Mfipa wa watu, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, sembuse kulishwa naye!

Bwana harusi, Sayi, akasimama mbele yake na kipande mkononi. Otilia akabana midomo. Sayi akangoja. Midomo ikabanwa zaidi.

“Kumbe mama hatutaki!” akasema baba yake Sayi, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, kwa sauti ya kuita ng'ombe. “Aseme, tuondoke na kijana wetu!”

Debora machozi yakamlengalenga.

Flavian, kaka yake Otilia, mshereheshaji na mpenzi wa kamusi, akawahi kipaza sauti. “Tulieni, wakwe zetu. Mnajua neno keki lilikotoka? Waingereza walilipata kwa mabaharia wa kaskazini, kwenye baridi kushinda hii yetu. Ulikuwa mkate mdogo, bapa, unaookwa ukigeuzwa uive pande zote. Mpaka leo kipande cha sabuni wanakiita keki. Hata mashudu ya ng'ombe, keki!”

“Ahaa!” akadakia baba yake Sayi. “Ndiyo maana mama kagoma!”

Ukumbi ukavunjika mbavu. Otilia hakucheka, macho yake yalikuwa kwa Debora.

“Kaka, umesema unageuzwa?”

“Unageuzwa, dada.”

“Basi nageuka.” Akampa mkwe mgongo. “Na wewe baba, mkwe wangu, geuka.”

Wakasimama mgongo kwa mgongo, Sayi akipapasa kwa nyuma. Kipande cha kwanza kikaishia kwenye kilemba, cha pili sikioni.

“Kulia, baba! Shusha! Hapo hapo!” Otilia akamwelekeza.

Cha tatu Otilia akakidaka kwa mdomo, akatafuna taratibu, akiutazama ukuta.

“Kapokea!” akanguruma baba yake Sayi, na vigelegele vikapasua bati.

Tangu hapo, ukienda kwa Otilia kuagiza keki ya harusi, kabla hajauliza rangi anakuuliza: “Mama mkwe anageuka, au hageuki?”