Kichuguu cha Nyuma ya Nyumba

Mwalimu wetu wa Kiingereza sekondari alitufundisha kwamba kwa Waingereza neno mushroom si uyoga tu, ni kitendo pia. Maduka yanaweza ku-mushroom, na nyumba vilevile. Ila alituonya: mwembe hau-mushroom hata ukue vipi. Lazima viwe vitu vingi, viibuke kwa ghafla pale ambapo jana palikuwa patupu. Wenzangu walikariri. Mimi sikuhitaji, kwa sababu nyumbani kwetu Kawajense tulikuwa na kichuguu.

Kiangazi chote kichuguu hicho kilikuwa kikavu kama kisigino. Mvua za kwanza zikinyesha, mama alitutoa kitandani asubuhi na bakuli, tukakikuta kimejaa uyoga mweupe. Tulikula mpaka tukasinzia.

Baadaye nikawa mtu wa njia. Kahama, Tunduma, Karema kule ziwani, nikiuza mitumba na kuhama kabla sijazoea majirani. Mwaka jana nilirudi na safari hii nilitaka kujenga. Nilikuta lile neno la mwalimu limeenea mji mzima. Mtaa wa Shanwe, niliouacha na vichaka, ulikuwa unang'aa mabati. Dada yangu, aliyebaki kwenye nyumba ya mama, alinikatia nusu ya kiwanja. Kichuguu kikaangukia upande wangu.

Fundi alikizunguka akitabasamu.

"Bosi, udongo wa kichuguu ndio wa tofali. Tukibomoe chote, tuchome kabla ya mvua."

Dada alikuwa anaanika mihogo. "Fundi, kikishaisha hicho, huyu atakula ugali na tofali?"

"Mama, uyoga si upo sokoni?"

"Basi na tofali zipo sokoni. Nenda kanunue."

Fundi alicheka, mimi sikucheka. Najijua. Kiangazi kile kikipita bila tofali, ningefunga begi, na safari hii nisingerudi tena. Lakini kubomoa kichuguu cha mama mbele ya dada, hilo nalo lingenifukuza.

Nadhani dada aliliona hilo usoni mwangu. Aliacha mihogo, akachukua jembe, akanipeleka upande wa machweo wa kichuguu. Palikuwa na bonde kubwa lililoota nyasi, ambalo utotoni tulitelezea bila kujiuliza lilitoka wapi.

"Hapa ndipo baba alipochimba tofali za nyumba hii. Mama alimwambia: chukua ubavu, acha moyo. Ukimfikia malkia wa mchwa, uyoga hauoti tena. Na wewe chukua ubavu wa pili, mdogo wangu. Katikati usiguse."

Tulichimba hivyo. Fundi alinung'unika kwamba tunakata kama watu wanaokata keki ya harusi, ila alifuata. Tofali zilitosha vyumba viwili badala ya vitatu. Tulizichoma, kuta zikafika usawa wa madirisha, kisha mawingu yakajikusanya.

Mvua ya kwanza ilinyesha. Asubuhi nilienda kukiangalia kichuguu: udongo mtupu. Kesho yake hivyo hivyo. Nilianza kuulizia habari za mabasi ya Tabora. Nilijua nimekiua.

Kisha asubuhi moja nikasikia sufuria inagongwa nje.

"We mtu wa safari! Toka uone!"

Kwenye kile kipande cha katikati uyoga ulikuwa umesongamana, mwingine ukiwa bado na udongo kichwani. Dada alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kitenge kimelowa. Nilipiga magoti kando yake. Nilimshukuru mama, nikamshukuru na baba kwa kumsikiliza.

Tuliupika na karanga, tukaula na fundi, ambaye aliomba kuongezewa mara mbili.

"Wa mvua ijayo utachuma mwenyewe," dada aliniambia. "Mimi magoti yanauma."

"Kama nitakuwepo."

"Utakwenda wapi? Nyumba haina magurudumu."

Nilimwuliza fundi lini tunapaua.