Mpiga pasi anayemtafuta mama yake kwenye kete za mwanzo

Saa tano asubuhi mashine ya kukausha inaanza kuzunguka na mashuka arobaini ya hoteli tumboni. Itazunguka dakika thelathini na nane. Mpiga pasi anasimamisha pasi wima, anafuta jasho kwa mkono wa shati, anachukua simu yake kwenye rafu ya wanga na kuketi juu ya kapu lililopinduliwa.

Kwenye kioo panatokea ubao wa mistari, kumi na tisa kwenda chini na kumi na tisa kwenda upande. Kete nyeusi inakaa pembe ya juu, kulia. Anaijibu kwa nyeupe. Nyeusi nyingine, nyeupe nyingine, midomo yake ikicheza bila sauti.

"Mnyoofu, huyo mchumba wako wa kwenye simu hajakuchoka tu?" anauliza dada wa meza ya kukunja, bila kuinua macho kwenye foronya zake.

"Ana pembe nne, dada, na zote zinanishinda."

Wanacheka. Mnyoofu ni jina alilopewa hapa kazini, maana shuka likitoka mikononi mwake ungeapa halijawahi kulaliwa. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na minane kati ya hiyo imeishia kwenye mvuke huu. Wachache hapa wanajua kwamba hachezi kupitisha muda. Anajaribu kumchelewesha mama yake asiondoke.

Mchezo wenyewe unaitwa Go. Wawili hupokezana kuweka kete, mmoja nyeusi na mwingine nyeupe, kila mmoja akijizungushia eneo lake. Huanzia kwenye pembe, kwa mifuatano ya ufunguzi ambayo wachezaji huikariri kabla mambo hayajachanganyika. Mama yake aliujua akiwa msichana, opareta wa simu. Fundi mgeni aliyekuja kufunga mitambo alimfundisha yeye na wenzake, na alipoondoka akawaachia ubao. Mama naye akamfundisha kitinda mimba wake, huyu, akiwa na miaka saba.

"Alikuwa ananichapa kila jioni," anasema Mnyoofu. "Kwa kete, si kwa fimbo. Nikilia, ananiambia futa kamasi, panga upya."

Miaka mitatu iliyopita mama alianza kusahau. Kwanza sufuria jikoni, kisha njia ya dukani, kisha majina. Sasa ana miaka sabini na minane, na siku nyingi hamtambui mwanawe. Humwita kaka, au bwana, kwa adabu ileile anayompa mgeni. Theluthi ya mshahara wa Mnyoofu huenda kwa jirani anayekaa na bibi huyo mpaka saa tisa na nusu alasiri.

Lakini ubao ukiwekwa mezani, mama anarudi. Anaweka kete ya kwanza, anainua uso na kusema, "Haya, kitinda mimba wangu, usinicheleweshe." Anamuuliza kama amekula. Anamgombeza kwa ndevu zake. Kisha mchezo unaposonga na ubao kuanza kujaa, ananyamaza, na akifungua mdomo tena Mnyoofu ameshakuwa mtu baki.

Kwa hiyo Mnyoofu anahesabu kete. Mwanzoni mwa mwaka jana walikuwa wakifika ya arobaini na moja kabla mama hajampotea. Katikati ya mwaka, thelathini na mbili.

"Nikajiambia, kama mwanzo ndio unaomshika, basi nisomee mwanzo. Niurefushe."

Mpangaji mwenzao akamwekea programu ya simu yenye mamia ya mifuatano ya ufunguzi. Mnyoofu akaivamia kwa pupa, wakati wa mapumziko, kwenye foleni ya maji, hata chooni, anakiri mwenyewe. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hajajisamehe.

Programu ilimfundisha mtindo wa siku hizi, unaopendwa na kompyuta: kujipenyeza ndani kabisa ya pembe ya mwenzako wakati mchezo haujaanza kupamba moto. Enzi za mama, mwanafunzi aliyefanya hivyo mapema hivyo alirudishwa kuanza upya. Mnyoofu alidhani mama atafurahi kuona kitu kipya. Kete ya sita akaitia ndani.

Mama aliitazama muda mrefu. "Nani kakufundisha kuingia kwa watu bila hodi?"

"Mimi nikacheka," anasema. "Nilijua ananitania."

Hakuwa akitania. Alisimama, akapiga kelele za mwizi, jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Wiki tatu mama hakugusa ubao, na wiki tatu Mnyoofu hakuwa na mama. Alipokubali tena kucheza, walifika kete ishirini na tatu tu.

Muuguzi wa kliniki alimweleza kwamba ugonjwa ndivyo ulivyo, kwamba kete ile haikuharibu kitu. Mnyoofu anatikisa kichwa. "Anasema vizuri, lakini hakuwepo. Mimi niliyaona macho yake. Nilimfukuza kwa mkono wangu mwenyewe."

Tangu siku hiyo haugusi mtindo wa siku hizi. Ndani ya programu ameikuta hifadhi ya michezo ya zamani iliyopangwa kwa miaka, naye anasoma ile tu ya miaka mama alipokuwa opareta. Amekariri mifuatano sitini na minne. Nyuma ya stakabadhi za dobi anaandika upi ulimchekesha mama, upi ulimkunja uso.

Saa tisa na nusu yuko nyumbani. Anamfungua mama vifungo vya sweta vilivyofungwa upande, anavifunga sawasawa, anaweka ubao karibu na dirisha. Kete ziko ndani ya makopo mawili ya maziwa. Mama anachovya mkono, anaweka nyeusi yake kulia, juu.

"Haya, kitinda mimba wangu. Mbona umekonda? Huko kazini hawakulishi?"

"Wananilisha, mama."

"Usinidanganye mimi niliyekuzaa."

Mnyoofu anacheka, na uso wake wote unalegea. Anajibu kila kete polepole, kwa ubahili wa mtu anayekunywa maji ya mwisho. Ya nane. Ya kumi. Ya kumi na mbili. Mama anachukua nyeusi, inabaki hewani, kisha anairudisha kopoini. Anatazama dirishani. Anapogeuka, anatabasamu kwa adabu.

"Samahani, kaka. Unamsubiri mtu?"

"Ndiyo. Namsubiri mama."

"Kaa tu, atakuja," anasema bibi, akimsogezea kikombe chake cha chai. "Mama hawezi kumsahau mwanawe."

Mnyoofu anakunywa chai ile mpaka mwisho. Kisha anaandika kumi na mbili nyuma ya stakabadhi na kufungua simu.

"Kuna mfuatano mmoja wa zamani sijaujaribu," anasema kwa sauti ya chini. "Mpole sana, hauna vita. Kesho nataka tufike kumi na tatu."