Mkate wa Ndani ya Kuku

"Anti, mbona wewe huli kuku?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, paja la kuku mkononi, mafuta mpaka kwenye kiwiko. Mwaka huo ndio tuliorudi Juba kutoka Nakuru, na jiko la Anti Sanyu, jirani yetu hapa Nyakuron, nililizoea kabla sijaizoea hata nyumba yetu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda akila mkate uliotoka tumboni mwa kuku yuleyule. Kijiko juu ya kijiko, nyama hagusi. Akanitazama, akanisukumia bakuli.

"Wewe toto, mdomo yako haichokagi? Shika hii karanga, toa maganda."

Nikatoa maganda. Nimeendelea kuyatoa mpaka sasa niko sekondari.

Anti Sanyu ni Mganda wa Masaka. Oveni yake ni pipa la mafuta lililolazwa juu ya matofali, mlango umekatwa ubavuni, makaa chini na makaa juu. Wachoma kuku Juba ni wengi, lakini watu wanatoka mpaka Bilpam kumfuata yeye kwa sababu ya kile kinachokaa ndani. Mkate wake lazima uwe wa juzi. Haukati kwa kisu, anaurarua kwa vidole na kuuanika kwenye ungo chini ya chandarua. Siku moja nilimletea mkate wa moto kutoka dukani, nikidhani nimemfurahisha. Akaufunga kwenye kitambaa na kuuweka juu ya kabati.

"Mkate mupya nalewa haraka," akasema. "Ya juzi nakunywa polepole."

Kinachonyweshwa mkate ni supu ya shingo na miguu ya kuku. Kisha vinaingia vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya kuku huyohuyo, karanga zilizovunjwavunjwa, tende zilizokatwa kwa kisu chenye maji zisigande, na zabibu kavu zilizolala kwenye chai ya rangi. Anafinya konzi moja. Ikishikamana halafu ikaachia, tayari. Kuku hajazwi mpaka shingoni, maana mkate unavimba. Zamani aliwahi kumshindilia mmoja, akapasuka humo ndani ya pipa, na Conrad hajamsamehe. Conrad ni mtoto wa kaka yake, anaendesha boda boda, na kazi yake ya pili ni kumchokoza huyo shangazi yake, anayemwita Senga.

Krismasi iliyopita, mama yake Anti Sanyu, ambaye Conrad anamwita Jajja, yaani bibi, alikuwa anakuja Juba kwa mara ya kwanza. Mimi nilifurahi. Anti hakufurahi, alikonda. Nilimuuliza Conrad kuna nini, tulipokwenda soko la Konyo Konyo kununua tende.

"Jajja hali kuku," akaniambia. "Wanawake wa zamani kwetu walikatazwa. Anapika, wanaume wanakula, yeye anakula matoke na chumvi. Wasichana wa siku hizi wameacha hiyo. Yeye hajaacha. Sasa Senga anataka Jajja aonje kazi ya mikono yake, na kazi yenyewe ni kuku."

"Ataonja mkate."

"Mkate umelala ndani ya kuku, halafu utoke bado ni mkate?"

Swali hilo lilinikaa kichwani mpaka nyumbani. Nikamshauri Anti aoke mkate wa Jajja pembeni, kwenye sufuria, usikutane na kuku hata kidogo.

"Hapo nitakuwa nimemupa mkate tu," akasema. "Mkate iko Masaka."

"Basi usimwambie ulikuwa wapi."

Akaacha kukata tende. "Nyakim. Mama yangu nimudanganye na chakula?"

Kwa hiyo siku ya Krismasi alimweka Jajja kwenye kiti jikoni, karibu kabisa na meza, aone kila kitu. Jajja ni mwanamke mdogo wa mwili, gauni lake la gomesi la kijani, mkanda umefungwa barabara. Kiswahili hana, kwa hiyo Conrad alinitafsiria kwa kunong'ona. Aliangalia vitunguu, akasema ni vichache. Vikaongezwa. Akavuta bakuli la tende na kuanza kutoa kokwa bila kuombwa. Anti alipochukua konzi ya kwanza na kuiingiza tumboni mwa jogoo, nilimwangalia Jajja usoni. Mikono yake ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea na kokwa.

Mchana tukakaa. Anti alikata nyama, akatugawia mimi na Conrad. Kwa Jajja aliweka kijiko kikubwa cha mkate, kahawia juu, zabibu zimevimba, karanga zinachungulia. Akapiga magoti kumkabidhi, kama wanavyofanya kwao.

"Hiki nini?" Jajja akauliza.

"Mkate, maama."

"Ulikuwa wapi?"

"Ndani ya kuku, maama. Umeona."

"Nimeona."

Jajja aliinusa sahani, akaigeuza upande huu na upande ule. Halafu akasema kitu, na Conrad akacheka mpaka akasahau kunitafsiria. Ikabidi nimpige kiwiko.

"Anasema mtu akilala ndani ya nyumba, asubuhi hatoki amekuwa nyumba."

Jajja akala. Alitafuna polepole kwa meno yale aliyonayo, akachagua tende moja, akafunga macho. Alipomaliza alikwangua sahani kwa kidole na kuirudisha kwa binti yake, kama mtu anayerudisha ndoo kisimani. Anti akajaza tena. Alipojaza mara ya tatu, Conrad akalalamika kwamba na yeye ana tumbo.

Jioni, Jajja amelala, nilikwenda kumsaidia Anti kuosha vyombo. Nikamkuta kwenye kigoda chake kilekile nyuma ya pipa, bawa la kuku mkononi, analimung'unya mpaka kwenye ncha. Mafuta yalikuwa yamefika kidevuni. Nikakaa chini, nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta sahani.

"Anti, nilikuuliza zamani. Mbona ulikuwa huli?"

Akanyonya mfupa, akauangalia kama bado una kitu.

"Mama alikuwa hajaonja hata mkate ya kuku," akasema. "Mimi ningeanza namna gani?"