Niliharakisha website ya jam za border, nikamharibia Mama Nyanya kazi

Wakuu, salamu kutoka Busia, upande wa Kenya. Leo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitasema vile ilikuwa, hata pahali inaniuma.

Kuna programu ya bure ya jam za border. Code iko wazi, haina mwenyewe, sisi volunteers ndio tunaichunga. Madereva wanaandika hali ya Busia na Malaba, border mbili za kuingia Kenya kutoka Uganda, wewe unafungua website unaona utapita wapi. Hiyo website ndiyo kazi yangu.

Shida ilikuwa speed. Ukifungua na simu, page inazunguka mpaka unachoka. Madereva walinitusi kwa group, na mimi matusi huwa inaniingia.

Basi nikaweka cache. Yaani server inatengeneza page mara moja, inahifadhi nakala, halafu kila mtu anapewa hiyo hiyo nakala. Website ikawa moto. Nikapost screenshot, watu wakaniita fundi, kichwa ikavimba.

Kitu sikufanya ni kuambia cache iachane na page ya jam, ambayo inafaa kuwa fresh kila wakati. Nilikuwa napima speed tu. Kile page inasema, sikusoma.

Sasa kuna mama jirani yetu huku Bukhayo, tunamwita Mama Nyanya. Hununua nyanya Mbale, huko Uganda, anapelekea shule moja ya boarding huku kwetu. Hiyo shule ndiyo ilikuwa inamweka mjini.

Siku moja akanipigia akiwa Tororo, pale barabara inagawanyika, moja ya Busia, ingine ya Malaba.

"Kijana yangu, watu wa bodaboda wanasema Busia iko clear. Nipite huko?"

Nikafungua website. Busia imejaa, Malaba hakuna mtu.

"Mama, achana na maneno ya boda. Hii site nimetengeneza mimi mwenyewe. Pitia Malaba."

Akaniamini. Kumbe ile nakala ilikuwa ya juzi. Alikwama Malaba mpaka kesho yake, nyanya zikapasuka kwa jua, na shule ikapea mtu mwingine hiyo kazi.

Kurekebisha ilikuwa laini moja tu ya code. Nilikaa nikiiangalia, nikasikia aibu mpaka kwa mifupa.

Nikaenda kwake kuomba msamaha. Nikamweleza server, cache, kila kitu. Alisikiza mpaka mwisho akichambua mboga, halafu akauliza, "Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Kwa ofisi, Mama. Busia."

"Hapo kwa barabara ya border?"

"Hapo hapo."

"Na dirisha iko?"

Nikasema iko. Akarudi kwa mboga yake.

Wakuu, website ya haraka inayodanganya ni mbaya kuliko ile ya pole pole. Hiyo nimejifunza na nyanya za wenyewe.

Kama cache ishawahi kukuaibisha, ama unajua shule ingine inatafuta mtu wa nyanya, andika hapa chini. Matusi pia leteni, nitasoma yote.