Nyumba ya Mzungu Aliyefunua Chungu Changu

Mama mmoja wa Uvira ametuomba tulifiche jina lake. Tumelificha; maneno yake tumeyaacha kama alivyoyaleta.

Wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili. Nilizaliwa Luberizi, nikasomeshwa na masista, kisha nikaolewa hapa Uvira. Mume wangu ni karani, mtu wa tai na kalamu mfukoni. Hanipigi, halewi, na watoto wetu wanashiba. Ninawaandikia kwa sababu nimeshikwa na kinyaa ambacho hakinitoki, na kinyaa chenyewe kimeanzia kwenye nyumba.

Miaka miwili iliyopita mume wangu aliomba ile kadi ya watu wastaarabu, ambayo serikali ya Wazungu humpa mtu mweusi anayeishi kama wao. Ili upewe, lazima Wazungu waje kukagua mnavyoishi. Akaja mmoja mnene, mwenye soksi ndefu. Alifunua chungu changu cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, akakinusa. Akainua godoro tunalolalia. Akaenda chooni, akachungulia, akaandika. Akawauliza watoto kama wanakula kwa uma, na mume wangu akawajibia, "Ndiyo, Bwana, kila siku," na uma zenyewe tulikuwa tumeziazima kwa mwalimu! Mimi nilisimama ukutani kama mwizi aliyekamatwa. Kadi tulipata. Chungu kile sikukipikia tena.

Sasa Mzungu huyo huyo anarudi kwao Ulaya na anauza nyumba yake. Ni nyumba ya zamani, ya matofali, yenye varanda pana inayotazama ziwa, madirisha ya upinde, na mahali pa kuwashia moto ukutani, ingawa sijui ni nani anayeota moto katika joto la Uvira. Zamani mtu mweusi hakuruhusiwa hata kulala upande ule wa Wazungu. Siku hizi wanasema inawezekana. Mume wangu ameing'ang'ania, hasikii la kuambiwa. Ila mshahara wake hautoshi, kwa hiyo macho yote yako kwa ng'ombe wangu. Baba alinipa ng'ombe jike aliponioza, kama ilivyo desturi yetu. Amezaa, na ndama wake nao wamezaa, na wote wako Luberizi kwa kaka yangu. Kaka amesema hatafungua hata mmoja mpaka asikie neno kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

Basi tukaenda kuitazama nyumba. Tulipofika, mume wangu alivua kofia, akazunguka nyuma, akabisha mlango wa jikoni, ule wa watumishi. Nikamwuliza mbona tunazunguka. Akabisha tena. Mzungu akatufungulia, tukaingia tukipita katikati ya masufuria.

Nami nikakagua. Nilifanya vile vile nilivyofanyiwa. Nikafunua sufuria: mafuta yameganda, mende wanakimbia. Nikainua godoro: kunguni na manyoya ya mbwa, maana mbwa analala hapo hapo na bwana wake. Dari ina madoa ya manjano ya mkojo wa popo, harufu yake inachoma pua. Lile bafu jeupe ndimo mbwa anamooshwa, na limeshika ukoko kama sufuria ya ugali. Choo sitakieleza, huenda mnasoma mkiwa mezani. Kweli nyani haoni kundule! Huyu ndiye aliyechungulia choo changu?

Mzungu akawa mwekundu. "Bibi yako iko natafuta nini?" akamwuliza mume wangu.

"Natafuta kunguni, Bwana, na nimewapata," nilijibu mwenyewe.

Mume wangu alinikamata mkono akaniburuta hadi nje. "Weye mwanamuke, unanipatisha haya mbele ya Muzungu!"

"Haya iko ya nani? Ni minye niko na kunguni?"

"Ile iko buchafu ya Bazungu," akasema. "Haiko kama ya kwetu. Utasafisha, itaisha."

Ndugu zangu, hapo ndipo kinyaa kiliponishika. Popo niliwavumilia, mbwa nilimvumilia. Lakini baba wa watoto wangu kuniambia kwamba uchafu nao una vyeo! Kwamba chungu changu kisafi kinastahili kunuswa, na kunguni wa yule wanastahili heshima! Tangu siku hiyo nikimwandalia chakula natazama pembeni.

Hata hivyo sitaki kumwonea mume wangu. Matofali ni mazima. Popo hufukuzwa, kunguni hufa kwa maji ya moto. Na watoto wangu kucheza kwenye varanda ile, nani asiyependa? Wiki iliyopita Mzungu alisafiri kwenda Bukavu, akamwachia mume wangu ufunguo wa mlango wa mbele ili tukaangalie vizuri peke yetu. Nikavaa nguo yangu ya Pasaka. Nikapanda ngazi za varanda kwa raha zangu, nikageuka, mume wangu hayupo. Nikamsikia nyuma anatikisa mlango wa jikoni, anahangaika na ufunguo usioingia.

"Baba wa batoto, kuja huku mbele! Muzungu haiko!"

"Minye nimezoea huku," akajibu.

Nikamfuata. Alikuwa amekwisha kuvua kofia. Ndani hamkuwa na mtu.

Jumapili kaka yangu anakuja kusikia neno langu. Nikikataa, mume wangu anasema nitakuwa nimemzuia kuwa mtu mbele ya watu, na hatanisamehe. Nikikubali, ng'ombe wa baba watakwenda kununua nyumba yenye mlango mkubwa wa mbele ambao mwenye nyumba hatapita. Na watoto hufuata alikopita baba yao. Nishaurini, wenzangu: kaka nimwambie nini?