Maharagi na Maziwa ya Gaju

Nilipokuwa mtoto, usiku mmoja niliamshwa na ng'ombe wa jirani akilia, si ule mlio wa kuita ndama, ule niliujua, huu ulikuwa mrefu na mzito kama wa mtu anayeumwa jino. Nikiwa bado chini ya blanketi na dada zangu wawili nilijua, kabla ya mtu yeyote kusema neno, kwamba ni Gaju, na kwamba ni mimi niliyemfanya hivyo.

Nieleze vizuri, maana nikiandika kwa haraka nachanganya.

Kwetu milimani, Masisi, huko Kongo, kila mtoto alijua: aliyekula maharagi hanywi maziwa siku ile. Vikikutana tumboni mwako, kiwele cha ng'ombe aliyetoa maziwa hayo kinavimba na maziwa yanatoka na damu. Hakuna aliyeuliza tumbo la mtu linamfikiaje ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Tulibatizwa, tulijua katekisimu, na hilo tulilijua pia, vyote vilikaa kichwani bila kugombana. Bibi yangu aliongeza lake: mwanamke anayeharibu maziwa ya ng'ombe halafu anaficha, siku moja maziwa yake mwenyewe yatamuuliza.

Na sisi nyumba yetu ilikuwa ya maharagi. Asubuhi maharagi yaliyolala, jioni maharagi na bugali ya muhogo. Ng'ombe walikuwa kwa kina Selestini, watatu, na Gaju, yule wa kahawia, ndiye baba yake aliyempenda kuliko wote. Mimi na Selestini tulikuwa na miaka kumi hivi, ulikuwa mwaka wa Uhuru. Tulienda shule njia moja. Mimi nilimfanyia hesabu, yeye alinivusha mto mgongoni kwa sababu niliogopa maji. Wavulana wakubwa walituzomea, bwana na bibi, bwana na bibi, naye akawajibu: "Bibi gani wa kelele hivi? Miye nitaoa wa kunyamaza!" Nikampiga na kibao cha kuandikia. Hivyo tu ndivyo tulivyokuwa, hakukuwa na kingine, na mpaka leo watu hawapendi kuamini.

Kisha niliugua homa. Papa, baba yangu, alikuwa amekwenda soko la Kashebere kuuza maharagi na kuleta mafuta ya mawese, Mama alikuwa na kichanga. Niliporudi shule miguu ilikuwa kama mabua, siku ya kwanza nilianguka njiani mara mbili. Kesho yake Selestini alinisubiri mtoni na kibuyu kidogo cha maziwa, kinachonuka moshi.

"Leo umekula maharagi?"

"Hapana."

"Kweli ya Mungu?"

"Kweli ya Mungu."

Siku tisa. Mara tisa niliapa kwa Mungu, mara tisa maharagi yakiwa bado ya moto tumboni. Miguu ilirudi. Usiku wa siku ya tisa, Gaju akalia.

Asubuhi Papa Gabrieli, baba yake Selestini, aliwaita uani wote waliokunywa maziwa ya Gaju, na majirani wakaja kutazama. Mimi nilisimama kwenye uzio. "Nani alikula maharagi?" aliuliza, taratibu, na ile taratibu ilitisha zaidi. Jina langu likitajwa, nilijua, nitakuwa yule msichana anayeharibu ng'ombe, na msichana wa hivyo nani atamwingiza nyumbani kwake?

Selestini akasogea mbele. "Njo miye, Papa, miye mwenyewe. Nilikula kwa bantu."

Hakusema bantu gani, watu wa nyumba ipi. Baba yake alimpiga kwa fito mbele yetu sote, akamwambia kwamba mkono wake hautagusa tena kibuyu cha nyumba ile. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Gaju alipona, lakini chuchu moja ilikufa.

Hatukulizungumza tena. Nilidhani aliamini viapo vyangu, kwamba alijitwika kosa ili tu isijulikane kwamba alinipa maziwa kwa siri. Nikaenda kusoma kwa masista, nikajifunza mikrobi, vile vijidudu vya magonjwa, nikaandika kwenye kaye, daftari langu, kwamba ugonjwa wa kiwele hauletwi na maharagi, nikapata alama nzuri. Nikaolewa. Mwaka huu nimezaa msichana.

Wiki ya tatu ziwa langu la kushoto lilivimba, jekundu, gumu kama jiwe la jiko. Nilipolikamua kidogo ilitoka damu. Sasa niambieni, kaye ilikuwa wapi? Mikrobi walikuwa wapi? Niliona kiwele tu. Nikakataa kumpa mtoto upande ule, na upande wa pili ukaanza kukauka kwa woga wangu, mtoto akalia mpaka sauti ikaisha, akabaki anafungua mdomo bila mlio. Mama mkwe alinitazama, akasema, "Mwana, ulifichaka nini?"

"Hakuna, Mama."

Mume wangu alikuwa sokoni. Nilimfunga mtoto mgongoni nikavuka vilima viwili mpaka kwa Selestini. Ana mke na watoto wawili, anakamua ng'ombe za watu wengine, kwa sababu ng'ombe za baba yake zilikwenda zote kwa mdogo wake. Mkewe alinipokea: "Karibu, dada! Huyu mutoto, munamunyima nini analia hivi?" Akaingia kuniwekea chakula. Selestini alikuwa malishoni, nyuma ya nyumba.

Sikusalimu. "Nilikudanganya. Zile siku zote nilikuwa nimekula maharagi."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mti wa uzio.

"Weye! Siku ya kwanza ulikuwa na ganda ya haragi hapa." Akagusa jino lake la mbele. "Kubwa, jekundu. Nilijuaka."

"Ulijua? Na Gaju?"

"Nilijua Gaju itavimba."

"Juu ya nini sasa ulinipatia?"

"Ulikuwa unaanguka."

"Na kuniapisha kila siku?"

"Mungu akuulize weye, asiniulize miye."

Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilianza. Akamsogelea mtoto, kicheko kikaisha. Aliuliza kama namnyonyesha ziwa bovu, nikasema naogopa.

"Papa alikatazaka kumukamua Gaju," alisema. "Maziwa ikabakia ndani, ikaoza. Njo sababu ile chuchu ilikufa. Muache mutoto anyonye."

Akanipa mgongo. Akawatazama ng'ombe, akaanza kuwagombeza kwa sauti kubwa, mmoja mmoja kwa jina, ili nisikie kwamba uso wake uko kule. Mtoto alinyonya. Niliuma kanga yangu, nikapiga kelele, na hakugeuka hata mara moja.

Kesho yake nilikwenda pia dispensari, wakanichoma sindano, siku ya tatu homa ikashuka. Basi nini kiliniponya? Sindano? Mtoto? Kule kukiri? Sijui, nimejaribu kupanga na haipangiki. Nikisema ni mikrobi tu, Selestini alipigwa na kunyimwa ng'ombe bure. Nikisema ni maharagi, mimi ndiye niliyeharibu, na nani atakataa kwamba bibi yangu alisema kweli? Ila Selestini aliamini. Hilo halichanganyi. Aliamini kama anavyoamini kwamba jiwe linazama, akanipa kibuyu, siku tisa, akijua kitakachokuja.

Nilipokuwa nafunga mtoto nilimwambia nitakwenda kwa baba yake, nimweleze, labda atampa hata ndama mmoja.

"Usijaribu," alisema. "Papa anajua mutoto wake ni mulafi. Hiyo amezoea. Akijua nilimuweka Gaju chini na weye juu, macho wazi, hiyo itamuua."

"Lakini ulifanya jambo zuri."

"Kwako."

Jioni ile mume wangu, aliposikia nilikokwenda, aliuliza yule mwanamume ni nani kwangu. Nikasema, rafiki. Akasubiri niongeze neno. Mpaka sasa ananitazama nikisonga bugali, anatafuta, na mimi ningempa neno kama lingekuwapo.

Mzee Gabrieli bado yu hai, asubuhi anaota jua uani, na Selestini anapompelekea tumbaku anaipokea bila kumtazama. Ningeweza kulimaliza jambo hilo kwa maneno manne. Lakini pale malishoni Selestini aliniomba niape kwamba sitamwambia baba yake, na safari hii niliapa bila kitu tumboni. Majina humu si yao, na kilima sikukitaja. Nimeyatoa kwenye karatasi kwa sababu yalinijaa kifuani. Kwa mdomo wangu, sitamwambia mtu mwingine.